Wimbo wa Nguo ya Mwisho

Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, na asipoongea aliimba. Asubuhi ile alikuwa kimya, ofisi nzima ikaingiwa na wasiwasi. Saa sita kiwanda kingechukua programu ya mashine mpya ya kufulia, na ndani yake Chiriku alikuwa ametia wimbo aliouimba mama yake kila alipoanika nguo ya mwisho. Wao watoto wakiusikia walijua: sasa mama ataketi. Ili wimbo upigwe, alikuwa ameandika upya makro, kile kipande kifupi cha programu kinachohesabu vitu vilivyopangwa kwenye safu, ile inayotumiwa na kila mtu pale. Isipopita ukaguzi, mashine zitatoka na mlio wa kawaida, piii, basi.

Mkaguzi alikuwa mama mmoja waliyemwita Wembe. Kwake, mwenye makro hujaribu kuivunja mwenyewe, huku yeye akitazama.

"Haya mwanangu, ivunje."

"Haivunjiki, mama. Inachukua ukubwa wa safu nzima ya noti za wimbo, inagawanya kwa ukubwa wa noti moja. Idadi hiyo hapo."

"Itumie ndani ya ile fankisheni, sehemu ya programu inayopiga wimbo."

Chiriku akaihamishia huko, akabonyeza. Mashine ya majaribio ikasema ti-ti, ikanyamaza.

"Kumbe mama yako alikuwa na haraka hivyo?" Wembe akauliza. Ofisi ikaangua kicheko.

Chiriku naye alicheka, roho mkononi. Kisha akaliona kosa, la kitoto kabisa. Fankisheni haipewi safu. Hupewa kielekezi tu, kama kidole kinachoonyesha kikombe cha kwanza kwenye sinia. Makro yake ilikuwa imepima kidole ikidhani imepima sinia.

"Nitahesabu kule kule safu iliko," alisema, "halafu fankisheni niipe kielekezi pamoja na idadi. Na makro nitaifunza ikatae vielekezi, mtu asirudie ujinga wangu."

"Hapo umenena."

Akaandika, akafuta, akaandika tena, akaiwasha kompaila igeuze programu kuwa lugha ya mashine. Ikagoma. Lakini mstari iliougomea haukuwa wa Chiriku. Ulikuwa wa Wembe mwenyewe, wa mwaka jana, kwenye hesabu ya vitufe vya mashine: naye alikuwa amepima kidole!

Wembe akavaa miwani, akausoma, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Kweli kinyozi hajinyoi!" Akaurekebisha wake, akaipitisha makro ya Chiriku huku bado anajifuta macho.

Kabla ya saa sita mashine iliimba wimbo mzima. Chiriku, akiwa na furaha isiyo na mfano, akampigia mama yake.

"Sema upesi mwanangu, nina mapovu mikononi."

"Usiseme kitu, mama. Sikiliza tu."

Akaisogeza simu kwenye mashine. Wimbo ulipokwisha, upande wa pili kiti kikalia.

"Haya," mama akasema, "nimekaa."