Kiduara Kinazunguka

Tangu asubuhi nilikuwa nimemnunia kaka yangu. Tunacheza drafti kwenye simu, yeye huko aliko, mimi hapa kwenye cherehani yangu, na zamu ilikuwa yake. Nilishona kola, nikatazama simu. Nikapiga pasi sketi ya mteja, nikatazama tena. Mvuke ulipopita mbele ya kioo, kete zilionekana kama zinaelea juu ya maji, lakini hakuna iliyosogea. Anaona atashindwa, nikasema moyoni, ndiyo maana ananichelewesha.

Jioni akapiga simu. Nikaweka spika.

"Mdogo wangu, umeninunia?"

"Wewe ndiye uliyekwama. Cheza."

"Nilicheza asubuhi. Ukurasa wako haujajipakia upya. Uvute chini, kisha uuachie."

Nikauvuta. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, mpaka macho yakawa mazito, kisha ubao ukarudi. Kete yake ya mwisho ilikuwa imekaa wazi mbele ya yangu. Nikiila tu, mchezo umekwisha, na kaka atakata simu arudi kwenye kimya chake cha miezi.

"Umeona?" akauliza.

Nje taa za mtaa zilikuwa zinawaka moja moja. Nilimsikia anavyopumua, na kijiko kikigonga kikombe chake.

"Bado kinazunguka," nikamwambia.

"Basi tusubiri. Habari za goti langu nilikwambia?"

Alishaniambia, mara mbili.

"Hujaniambia," nikasema, nikazima cherehani.