Foleni ya Pole kwa Torunn

Siku ya kumzika Gudveig Hestnes, mwandishi wa vitabu vya watoto, mvua ya mji wa Kvernvik ilinyesha kama kawaida. Oddmund, mtunza kanisa, alisimama mlangoni akiwaonyesha watu pa kukaa. Benchi la mbele ni la ndugu wa damu, na ibada ikiisha watu hupanga foleni kuwapa mkono wa pole. Kwa hiyo Eilif, mpwa wa marehemu, alikaa mbele. Torunn, aliyeishi na Gudveig tangu ujana wao mpaka mvi, alipelekwa nyuma kabisa, karibu na makoti.

"Wewe ni mpangaji, mama," Eilif alikuwa amemwambia. "Usijisikie vibaya. Mambo yana utaratibu wake."

Torunn alikaa alikoonyeshwa. Alitaka kitu kimoja tu: mtu amshike mkono, amwambie pole. Tangu msiba uingie, watu walimuuliza tu atahamia wapi. Inauma, acheni niseme.

Kabla kengele haijalia, familia za vitabuni mwa Gudveig zikaingia. Zilikuja na feri ya asubuhi. Walikuwepo baba wawili wa mnara wa taa na binti yao, ambaye hakuwa na kivuli kwa sababu mchoraji alisahau kumchorea. Walikuwepo mama watatu wa kiwanda cha samaki na mwana wao mmoja mtukutu. Nyuma yao walikuja yatima waliojichagulia babu kwenye kituo cha basi, babu mwenyewe, na mjomba wao, dubu.

"Dubu afute miguu, nimepiga deki," alisema Oddmund. "Nyinyi ni familia?"

"Kwani tunaonekanaje?" alijibu mmoja wa wale mama. "Wapita njia?"

"Basi mbele."

"Mbele kuna nini? Torunn wetu yuko wapi?"

Wakaenda nyuma. Benchi lilirefuka kidogo, wote wakaenea.

Ibada ilipoisha walijipanga mbele ya Torunn, dubu akiwa wa mwisho. Watu wa Kvernvik wakiona foleni huingia, hawaulizi inaelekea wapi. Muoka mikate alisimama nyuma ya dubu, daktari nyuma ya muoka mikate, kisha kanisa zima. Mbele, Eilif alibaki na mkono wake hewani. Mwishowe naye akajipanga, maana kusimama nje ya foleni kungeonekana utovu wa adabu.

"Pole, Torunn," alisema, akimshika mkono. "Nyumba ni yangu kisheria. Jumatatu niachie funguo."

"Nitakuachia," alisema Torunn.  Jioni hiyo alikula vizuri, akalala.

Jumatatu familia zilirudi kumbebea vitu ahamie kwao. Eilif alizunguka vyumbani, funguo mkononi.

"Na kitanda chako wewe kilikuwa wapi?"

"Hicho hapo," Torunn alisema. "Kilikuwa kimoja tu."

Eilif alitazama mvua dirishani. Dubu akakiinua kitanda mgongoni, akainamia mlango, akashuka nacho taratibu mpaka kwenye feri.