Gololi ya Tatu

Siku tatu nzima tulikula tumepakata sahani, kwa sababu meza ya chakula ilikuwa na giaboksi.

Kitinda mimba wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Spana, aliishusha mwenyewe kutoka kwenye gari letu kuukuu, akaifungua juu ya shuka niliyompa. Kila pinioni, yaani kigurudumu chenye meno, aliipanga kwa zamu yake ya kutoka, kama mimi ninavyopanga vipande vya gauni kabla ya kushona: mgongo, mikono, kola. Vitu vidogo alinikabidhi mimi. "Mama, wewe hupotezi hata pini," alisema.

Mzee wangu akapita, mkono kiunoni. "Leo giaboksi mezani. Kesho injini kitandani, sisi tulale uvunguni?"

"Uvunguni kuna klachi, baba. Usiikanyage."

Katika hivyo vidogo zilikuwemo gololi tatu za chuma, kila moja kama punje ya njegere. Spana alinieleza kazi ya gololi: springi inaisukuma gololi, gololi inaingia kwenye kijishimo, gia inatulia mahali pake. "Ikikosekana moja tu, gari linatema gia, inachomoka yenyewe, hasa kwenye mteremko." Nikazitia kwenye kopo langu la vifungo, paka asije akazichezea.

Siku ya kufunga alininyooshea kiganja bila kugeuka. Nikampa moja, mbili, tatu, zote zimelowa grisi ya vidole vyangu. Miwani nilikuwa nimeivua. Nayo ilishaingia grisi.

Asubuhi ya nne wakatoka kulijaribu gari, yeye na baba yake. Mimi nikakaa kwenye cherehani. Nilikuwa na gauni la mteja, la kutiwa shanga za rangi ya fedha, kubwa kama njegere, kifuani, na shanga zenyewe zilikuwa kwenye kopo lilelile. Nikatia kumi na moja. Nikachukua ya kumi na mbili. Sindano ikatafuta tundu, haikuliona. Nikaigeuza, nikaigeuza tena. Ilikuwa nzito. Nikaing'ata, ikawa baridi, ikagoma.

Ilikuwa gololi. Ushanga wangu wa plastiki ulikuwa ndani ya giaboksi.

Nikapiga simu ya Spana. Ikaita hapohapo mezani, chini ya tambara la mafuta.

Nilitoka na kiatu kimoja, gololi kiganjani. Kwenye kona nikamkuta fundi viatu.

"Umeliona gari letu?"

"Limepita sasa hivi, mama, linaelekea mteremkoni. Spana yuko kwenye usukani, mzee anacheka, mkono nje dirishani. Mbona hivyo, kulikoni?"

Nikampita. Mteremko ule unashuka kati ya maghala mpaka kwenye reli, na reli haina kizuizi. Nikawa nakimbia na magoti yangu haya, nikihesabu niliyoyajua: gia ikichomoka, injini hailishiki tena gari, linabaki na breki tu, na breki ni za zamani. Nilipofika katikati nikasikia honi ya treni. Nikasikia harufu ya breki zilizoungua. Nikaongeza mbio.

Gari lilikuwa chini kabisa, pua hatua chache kutoka kwenye reli, milango yote wazi. Ndani hamna mtu.

Niliwaita.

Ndipo nikawaona, wamekaa kwenye ukingo wa mtaro. Mzee alikuwa amekumbatia magoti yake.

"Mama watoto," alisema, "ile gia imechomoka mara mbili. Ya tatu nimeishika kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyekamata mbuzi wa jirani."

Hakuna aliyecheka. Spana alikuwa ameinamisha kichwa. "Niliifunga vibaya, baba. Ningekuua. Sigusi tena gari la mtu."

Treni ikapita, upepo wake ukatupiga usoni. Ningeweza kunyamaza, hakuna ambaye angejua. Nikafungua kiganja.

"Hukukosea wewe. Gololi ya tatu hii hapa. Niliyokupa mimi ilikuwa ushanga."

Spana aliitazama. Kisha akaitazama sura yangu.

"Miwani yako iko wapi, mama?"

"Nyumbani."

"Twende ukaivae. Giaboksi tutaifungua upya."

Gari likavutwa mpaka nyumbani. Kesho yake mchana meza ikatandikwa shuka tena. Ushanga ulitoka vipandevipande, kama ganda la yai. Spana akanyoosha kiganja, safari hii amegeuka, ananitazama. Nilikuwa nimevaa miwani. Nikaifuta gololi kwa pindo la kanga, nikalitafuta tundu la ushanga mara tatu, sikuliona. Nikaiweka kiganjani mwake.

"Mama," alisema taratibu, "iachie."

Vidole vyangu vilikuwa bado vimeishika.