Dada wa Kufungua Kurasa

Mpiga piano alikuwa amezunguka dunia miaka thelathini na mabegi yake mawili, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kupanda jukwaani na kitabu cha noti za muziki. Ndivyo ilivyo kwa watu wa kazi yake. Okestra nzima ina karatasi mbele yake, lakini anayekaa kwenye piano anatakiwa awe na kila kitu kichwani. Akija na kitabu, watu wa viti vya mbele wanaanza kutazamana.

Leo alikuwa anapanda nacho. Na wa kumfungulia kurasa hakuwa mwanamuziki wa kukodiwa bali dada yake, fundi cherehani mstaafu. Utotoni walijifunza noti pamoja, wamebanana kwenye benchi moja, kabla dada hajaamua kwamba sindano ina faida zaidi.

"Nikitikisa kichwa, unafungua," alimwambia katika chumba cha nyuma ya jukwaa. "Ukurasa mmoja mmoja, dada."

"Nimeshona magauni ya maharusi mia mbili, mdogo wangu. Karatasi ndiyo itanishinda?"

Mpiga piano alicheka kwa midomo tu. Dada aliambiwa kitabu ni kwa sababu ya uchovu. Hakuambiwa habari ya mwaka jana, katika ukumbi wa ugenini, pale katikati ya ile sehemu ya polepole kichwa kilipobaki kitupu kabisa na mikono ikasimama hewani. Kiongozi wa okestra ya huko, Mungu amzidishie, alizipandisha fidla sauti kuziba lile pengo mpaka mpiga piano akajipata. Mwandishi wa gazeti akaandika kwamba ule ukimya wa piano ulikuwa wa kina na wa kijasiri. Waandishi nao! Mwenyewe alikesha siku tatu, kwa sababu mama yao alianza kusahau hivyohivyo: kwanza jina la jirani, halafu njia ya sokoni, halafu majina ya binti zake wawili.

Alikwenda kwa daktari. Daktari akampima, akamuuliza maswali ya namba na picha, akamwambia yu mzima, ni hofu na safari nyingi tu. Hakumwamini. Alijiambia huyu ananionea huruma. Akaapa kwamba atapiga muziki uleule mara moja tu, tena na kitabu mbele yake. Akipotea hata hapo, basi, anaifunga piano na kurudi nyumbani.

Saa kumi jioni ukumbi ulikuwa umefurika. Kitabu kilionekana, na kweli, viti vya mbele vilitazamana. Dada alikaa kushoto kwake, mgongo wima, ndani ya gauni alilojishonea mwenyewe.

Sehemu ya kwanza ilikwenda salama. Kichwa kilitikiswa, dada akafungua; kikatikiswa, akafungua. Ikaja ile ya polepole. Mpiga piano alikazia macho ukurasa wa tisa na kusoma noti moja moja. Akafika mstari wa mwisho, akatikisa kichwa.

Ukurasa haukufunguliwa. Akatikisa tena, kwa nguvu.

Dada hakuwa na habari na kitabu. Alikuwa anatazama vidole vya mdogo wake, mdomo wazi, machozi yanamtiririka. Miaka yote alikuwa akimsikia kwenye redio ya jikoni, hajakaa naye karibu namna hii tangu wakiwa watoto.

Nimekwisha, mpiga piano aliwaza. Mikono yote miwili ilikuwa kazini, hapakuwa na wa kufungua. Lakini mikono haikusimama. Ukurasa wa kumi ukaja wenyewe, wa kumi na moja ukafuata, na pale alipokwama mwaka jana alipatambua akiwa ameshapapita. Akavuta pumzi mpaka tumboni. Furaha ilimjaa hata akaogopa kucheka mbele za watu.

Makofi yalipotulia wakarudi chumbani. Dada alikuwa ameshika kichwa.

"Nisamehe, mdogo wangu. Nimesahau kabisa! Nimekuharibia."

"Hujaniharibia kitu." Akamkumbatia, akamweleza yote: ule ukimya, daktari, mama.

Dada aliketi taratibu. "Mwaka mzima umebeba hayo peke yako?"

"Ningekwambiaje?"

"Mimi mwenyewe nikipotewa na miwani tu, nasema zamu yangu imefika. Unajua ninachofanya? Kila asubuhi, kabla sijashuka kitandani, nataja jina lako. Nikilipata, naamka."

Mpiga piano alisogea karibu naye. Akamshika mikono.

"Na leo umelitaja?"

Dada alifikiri, akafumba macho, akayafumbua.

"Leo nimesahau kulitaja. Nilikuwa nahangaika na pindo la gauni."

Wakatazamana, wakaangua kicheko, kile cha kushika mbavu na kufuta machozi, mpaka kiongozi wa okestra akagonga mlango kuuliza kama kuna mtu ameumia.