Upatu wa Ukurutu wa Kina Sumirah

Kila Ijumaa Kliwon ya kalenda ya Kijava, ambayo huja kila baada ya siku thelathini na tano, wanawake saba wa ukoo wa kikongwe Mbah Sumirah hukutana saa kumi alasiri sebuleni kwa Daliyem, binti yake mkubwa, nyumba ya tatu kutoka mtoni, Pekalongan. Huandaliwa megono ya fenesi bichi na tempe ya soya ya kukaanga. Kisha Daliyem huleta bilauri iliyofunikwa karatasi yenye tundu moja. Ndani mna vipande saba vya mrija, na kila kipande kimechomekwa jina. Huitikisa mpaka kimoja kidondoke. Ni upatu kama upatu mwingine wowote wa mtaa ule, ila anayeangukiwa hapewi kitu cha kufurahia. Hupewa ukurutu wa wote saba.

Ukurutu huhama kabla chai haijapoa. Sita hubaki na ngozi safi, vidonda vya viwikoni vimefunga, nyuma ya magoti hapatoi maji. Wa saba huubeba mzigo wote mpaka Kliwon nyingine, shingoni, kwenye kope, katikati ya vidole. Utaratibu huu umewasaidia. Wote saba huchovya vitambaa vya batiki kwenye rangi kiwandani kwa Pak Handoko, na msimamizi hukagua mikono getini kila asubuhi, maana mkono uliopasuka huacha damu kwenye kitambaa cheupe. Zamani aliwarudisha nyumbani wote. Siku hizi anarudisha mmoja. Mbah Sumirah mwenyewe, ambaye yote yalianzia kwake, amestaafu. Ngozi yake imezeeka mno hata kuwasha haitaki. Waume hawaingii, kwa kuwa si damu. Kazi yao ni kuchemsha chai.

Mwaka huu Wening, binti wa Kuswati, alitimiza miaka minne, na madoa yakamtoka kwenye mikunjo ya viwiko, palepale yalipowaanzia wote. Alijikuna mpaka shuka likagandana na ngozi. Kuswati, ambaye ndiye kitindamimba wa Mbah, alimbeba hadi zahanati.

"Nani mwingine nyumbani anao?" daktari aliuliza.

"Afadhali uniulize nani hana."

"Maji mnatoa wapi?"

"Kisimani."

"Kisima kiko mbali na mto?"

"Hatua kumi. Kumi na mbili ukiwa mfupi."

Daktari alitazama dirishani. Siku hiyo mto ulikuwa wa zambarau, kwa kuwa kiwandani walikuwa na oda ya sare za harusi.

"Mnalala?"

"Alale nani, Bu Daktari?"

"Basi sikiliza. Ugonjwa huu una wazazi watatu: damu, maji na mawazo. Mimi hapa nina mafuta tu."

Akampa kopo dogo la mafuta. Liliisha Jumanne.

Daliyem hakuzunguka mbuyu. "Jina la mtoto liingie kwenye bilauri."

"Ana kilo kumi na nne, Mbak, dada yangu. Ukimwangukia wa watu wanane, utabakisha nini?"

"Na asipoingia? Wa kwake atakaa nao kila siku ya Mungu, hana hata likizo. Akiingia, anapumzika na wenzake. Mimi niliingizwa na miaka mitano. Nimekufa?"

"Hukufa. Ila shule uliishia darasa la tatu."

"Kwa sababu hakuna aliyetaka kukaa dawati moja na mimi," alisema Daliyem. "Hilo nalo bilauri ndiyo ililifanya?"

Kuswati alishauri liandikwe jina la Pak Handoko. "Dua la kuku halimpati mwewe," alisema Mbah Sumirah, lakini hakuzuia, maana naye alikuwa amechoka kuwaonea wanawe huruma. Kliwon ilipofika wakaandika. Jina likadondoka mara ya kwanza tu bilauri ilipotikiswa.

Ukurutu wa wote saba ukatoka, ukapita mlangoni, ukafuata ukingo wa mto hadi getini pa kiwanda. Mlinzi, mtu mstaarabu, aliuuliza kama una miadi. Haukuwa nayo. Akauomba kitambulisho, na hicho pia haukuwa nacho, basi akauonyesha benchi. Ukakaa hapo mpaka magharibi, kisha ukarudi nyumbani na vumbi lake, ukamwingia Kuswati, kwa kuwa ndiye aliyefungua mlango.

Kesho yake Pak Handoko alikuja mwenyewe na katoni ya biskuti. "Poleni sana," alisema. "Ila mambo ya ukoo wenu msiyasingizie maji. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Mbona mimi siwashwi?" Maji ya nyumbani kwake huletwa kwa lori kutoka milimani. Chai aliyowekewa hakuigusa.

Kuswati alikaa siku thelathini na tano bila kazi na bila kuweza kumshika mwanawe, kwa kuwa kila alipomkumbatia wote wawili waliachiana damu. Kliwon nyingine ilipofika, aliliandika jina la Wening kwa mkono wake mwenyewe na kulichomeka kwenye mrija.

Likadondoka la Daliyem. Wening akalala usiku kucha kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze, miguu huku, mikono kule. Kuswati alimtazama akalia kwa furaha, na kwa aibu pia, maana ng'ambo ya ukuta alimsikia dada yake akijikuna.

Kliwon iliyofuata likadondoka la Wening.

Mtoto alikuwa ameshajifunza kulitambua jina lake. Aliruka juu ya mkeka. "Mimi! Nimepata mimi!" Mbah akaanza kupiga makofi, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine, na wengine wakafuata. Kuswati naye alipiga, kwa sababu mtoto alikuwa akimtazama.

Asubuhi yake msimamizi alikagua mikono kumi na minne, yote safi. "Leo mmetimia," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza. Habari zikamfikia Pak Handoko, akafurahi, akaagiza pipa jingine la rangi lifunguliwe.

Saa sita Kuswati alirudi nyumbani mbio. Wening alikuwa amekaa mapajani kwa Mbah, amevalishwa soksi mikononi, zimefungwa kwa uzi. Macho yalikuwa yamevimba na kubaki mistari.

"Mama, nikune."

Kuswati alitazama mikono yake. Ilikuwa laini, haina hata mkwaruzo, na ilikuwa ya bluu mpaka viwikoni. Alikwenda kisimani kuinawa kwanza. Akavuta ndoo, maji yakaja bluu. Akamwaga, akavuta nyingine. Kisha akanawa hivyohivyo, akarudi ndani kumkuna mwanawe.