Sekunde Mbili za Jina Langu

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeajiriwa kuwa jina langu mwenyewe. Kazi ilikuwa ya kudumu, ila kila zamu ilikuwa ya sekunde mbili.

Niseme kwanza mimi ni nani, kwa sababu ndani ya ndoto kila mtu alikuwa anajua, na hilo ndilo lililonitesa. Naitwa Heriel Mfinanga. Natengeneza majina ya mwanzo ya filamu za katuni, yale maandishi yanayokuja kabla hadithi haijaanza, yakiruka, yakijikunja, yakigeuka ndege au moshi, huku watu bado wanatafuta viti vyao. Filamu yetu ya karibuni inamhusu nyumbu anayeogopa kuvuka mto. Humo herufi zinatoka kwenye vumbi zikikimbia kama kundi, zinasimama, zinakuwa majina ya watu, kisha vumbi linazichukua tena. Watu walioonyeshwa wameisifu sana.

Michoro ile aliichora Salha Mwinjuma, ambaye tunakaa naye meza moja pale studio. Aliichora kwa brashi na wino, karatasi kumi na mbili kwa kila sekunde, sekunde tisini nzima. Nyingine alizimalizia kwao Magomeni, kwenye meza ya kulia chakula, mama yake akimshikia taa umeme ulipokatika. Mimi niliziingiza kwenye kompyuta, nikazipanga, nikazitia rangi na mwendo. Mstari wetu ulitakiwa usomeke hivi: Majina ya mwanzo yametengenezwa na Salha Mwinjuma na Heriel Mfinanga. Bosi wetu, Bwana Tesha, akaniambia mstari ni mrefu, niupange upya. Hakusema nimtoe mtu.

Jumatano tukaonyeshwa filamu wote, pamoja na jamaa zetu. Salha alikuja na mama yake, wakakaa safu ya mbele, mimi nyuma yao. Jina langu likaja, likakaa peke yake katikati ya skrini, likaondoka. Mama akamwinamia binti yake akamuuliza, "Lako linakuja saa ngapi?"

"Bado, mama," Salha akasema.

Filamu ni ya saa moja na nusu. Yule mama alilingojea jina la mwanawe mpaka taa zikawashwa. Kisha Salha akageuka, akanipa mkono, akanipongeza. Mkono wake ulikuwa bado na wino kwenye kucha.

Hayo yalitokea nikiwa macho. Sasa ndoto.

Nafika studio. Herufi za jina langu zimekaa kwenye benchi la mapokezi, zote kumi na nne, kila moja na chupa yake ya maji. H ndiye msemaji wao. Anainuka.

"Umechelewa," ananiambia.

"Nimechelewa kiasi gani?"

"Fremu sita."

Naomba radhi. Fremu sita ni robo ya sekunde, na kwa mtu anayefanya kazi sekunde mbili si jambo dogo.

"Na tuna malalamiko," anaendelea H. "Mwanzo tulikuwa upande wa kulia, na upande wa kushoto kulikuwa na wenzetu. Siku moja tukaamka hawapo. Ukatuvuta katikati, tuonekane tulikuwa peke yetu tangu mwanzo."

"Lilikuwa suala la mpangilio," nasema.

"A zote mbili hazilali. E ya kwanza imeacha kula."

Natazama benchi. Kweli, E ya kwanza imekonda mpaka imekaribia kuwa F. Nataka kuipa pole, lakini inageuza uso, nami siwezi kuilaumu.

H ananisindikiza mlangoni. Mlinzi wa mlango ni mstari uliopinda, mmoja wa ile tunayoitumia kulainisha mwendo, ili kitu kianze polepole, kikolee, kisha kitulie. Amevaa kofia ya ulinzi. Hana kichwa, kwa hiyo kofia ameitundika kwenye ncha ya juu.

"Pita," anasema.

Napita.

"Rudi. Umeanza ghafla. Hapa hakuna anayeanza ghafla."

Narudi. Naanza polepole, nakolea.

"Rudi. Umesimama kama mtu aliyegonga ukuta."

Mara ya tatu naanza polepole, nakolea, natulia. Mlinzi anaridhika.

"Unatembea vizuri," anasema. "Nani alikufundisha?"

Jibu nilikuwa nalo. Ni Salha, mwaka wangu wa kwanza kazini. Alisukuma kikombe cha chai juu ya meza, akaniambia niangalie kinavyoondoka na kinavyosimama, akarudia mpaka chai ikapoa.

"Nilijifunza mwenyewe," namwambia mlinzi.

Mlinzi ananyooka. Na mstari wa namna ile ukinyooka, kitu hakitembei tena kama chenye uhai. Kuanzia hapo nakwenda kwa mwendo mmoja, bila kuongeza wala kupunguza, kama sanduku kwenye ukanda wa uwanja wa ndege. Herufi zinanitazama zikinong'onezana.

Ndani hakuna ofisi. Kuna vioo vikubwa vimepangwa kimoja juu ya kingine, kama tunavyopanga matabaka ya picha kwenye kompyuta. Pembeni mwa kila tabaka kuna jicho. Ndivyo ilivyo kazini pia: jicho likiwa wazi, tabaka linaonekana, ukilibonyeza likafumba, tabaka linapotea, ingawa lipo. Macho yote yananikodolea isipokuwa moja. Hilo limekaa nyuma ya dirisha dogo kama karani, kope zimefungwa.

"Habari za kazi," nalisalimia.

"Nzuri. Siwezi kukuona, nimefumbwa. Nani mwenzangu?"

Nabadilisha sauti. "Mteja tu."

"Sauti hii naijua," linasema Jicho. "Ndiyo iliyosema 'hakuna atakayegundua' kabla sijafumbwa. Ilikuwa Jumatatu, saa tisa alasiri. Ulikuwa unakula karanga."

Ni kweli nilikuwa nakula karanga. Sijui kwa nini hilo la karanga lilinitia aibu kuliko yote. Labda kwa sababu mtu anayemfuta mwenzake angetakiwa angalau aache kutafuna.

"Nimekuja kukufumbua," nasema.

"Jaza fomu."

Fomu ina swali moja: Nani alichora? Nachukua kalamu, naandika Salha. Kwenye karatasi linatokea Heriel. Nalikata, naandika tena taratibu, herufi moja moja, nikizitamka. Linatokea Heriel, na safari hii kwa herufi kubwa.

"Umeandika nani?" linauliza Jicho. "Nisomee, mimi sioni."

Naigeuza karatasi kifudifudi. Nyuma yangu macho mengine yameshasoma, nayasikia yakipepesa.

"Basi utakwenda kusema kwa mdomo," linasema Jicho. "Zamu yako imefika."

Ninapogeuka, vioo havipo. Ni ukumbi wa Jumatano, na mimi niko juu ya skrini. Nimekuwa bapa, mweupe, mrefu kutoka upande mmoja mpaka karibu na upande wa pili. Viti vyote ni vitupu ila kimoja cha safu ya mbele. Amekaa mama yake Salha, mkoba umelala mapajani, mikono juu ya mkoba.

Nataka kukimbia. Nateleza kwenda ukingoni, lakini mstari mwembamba wa bluu, ule tunaouweka kuonyesha mwisho wa maandishi, unanizuia.

"Majina hayavuki hapa," unasema. "Ni kwa usalama wenu, msije mkakatwa."

"Nakubali kukatwa," nauambia.

"Ombi hilo halimo kwenye utaratibu."

Narudi katikati. Mama ananitazama. Hana hasira, na afadhali angekuwa nayo. Anauliza kwa adabu, kama mtu anayeuliza zamu yake hospitali:

"La mwanangu linakuja saa ngapi?"

"Shikamoo, mama," nasema. "Unajua mambo haya ya kompyuta yana..."

Nafifia. Sekunde mbili zimekwisha. Giza, vumbi, kwato, kisha natokea tena palepale.

"Bwana Tesha ndiye aliyesema mstari ni..."

Nafifia.

"Na kazi ya kuzisogeza nayo, mama, si..."

Nafifia.

Sijui nilirudi mara ngapi. Kila nikitokea, yeye yupo, hajainuka, hajaangalia saa. Kila nikifungua mdomo, maneno yanaanza mbali, yanazunguka, na kabla hayajafika nimeshafutika. Ndipo nikaona kwamba visingizio haviingii katika sekunde mbili. Nikaanza kuvitupa. Nikaitupa kompyuta, nikamtupa Bwana Tesha. Nikatupa kwamba ile ilikuwa filamu yangu ya kwanza kubwa, na kwamba nilishawaambia wa nyumbani Same waitazame waone jina langu. Hilo lilikuwa gumu kulitupa. Mwisho nikaitupa hata shikamoo, kwa kuwa nayo inakula muda, Mungu anisamehe.

Natokea.

"Alichora yeye," nasema.

Inabaki nusu sekunde nzima. Sina cha kuijazia. Nainama nitazame viatu vyangu, lakini maandishi hayana viatu, kwa hiyo natazama mahali ambapo vingekuwa. Sijawahi kuona aibu ndefu kama ile nusu sekunde.

Mama anatikisa kichwa kukubali.

"Sasa sogea," anasema. "Unamziba."

Nikaamka.

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Uso ulikuwa unaniwaka kama wa mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa. Nilikumbuka kwamba leo mchana filamu ilikuwa inatumwa kwenye majumba ya sinema, na ikishatumwa ndiyo basi. Sikunywa chai. Nilichukua bajaji nikaenda Magomeni, na njia nzima nilikuwa natamani dereva apotee.

Mlango alifungua mama yake Salha. Nikamwamkia, akaitikia, akanionyesha kiti, akarudi kwenye ungo wake wa mchele. Sikukaa. Salha akatoka chumbani na chanuo mkononi, nusu ya nywele ameshazifunga.

"Salha," nikasema, "jina lako nililificha mimi. Hakuna aliyeniagiza."

Alichana kidogo kabla ya kujibu.

"Najua. Nilifungua faili jana, nikaliona tabaka limefichwa. Nilikuwa naangalia kama utasema."

"Na nisingesema?"

"Ningesema mimi, leo asubuhi, mbele ya watu wote." Akaweka chanuo mezani. "Bwana Tesha anajua?"

"Bado."

"Mpigie hapahapa. Weka sauti nje, na mimi nisikie."

Nikampigia. Nilimweleza nikiwa nimesimama katikati ya sebule ya watu, sauti inakwaruza, Salha amekunja mikono.

"Uko na Salha hapo?" Bwana Tesha akauliza.

"Nipo, nasikia," Salha akasema.

"Faili jipya lifike kwangu kabla ya saa sita. Na wewe, Heriel, ukimaliza uje ofisini. Funga mlango ukiingia."

Akakata.

"Jina langu litatangulia," Salha akaniambia.

"Litatangulia."

"Na mwendo wake nitautia mwenyewe. Wewe nenda kawashe mashine, nakuja."

Hakunipa mkono, na sikuutarajia. Nilikuwa nimeshafika mlangoni nilipoona siwezi kutoka bila kusema neno kwa yule mama. Nikarudi, nikachuchumaa karibu na ungo.

"Mama, na wewe nakuomba radhi. Siku ile ulikaa ukingoja, na mimi nilikuwa nyuma yako, nikasikia ulichouliza, nikajifanya..."

"Mimi ulishaniambia," akasema bila kuinua macho, akaokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa. "Ila ulikuwa unafifia kila mara, mwanangu. Niliambulia maneno mawili tu."