Friza Niliyoizima

Mimi Rufina ni mtu wa kufuata amri, na siku hizi nawachukia watu wa aina yangu.

Katika mji wetu wa watafiti, kando ya mto Oka, tulitengeneza dawa nyeupe kama maziwa: mafuta ya florini yaliyosagwa laini mno ndani ya maji, yabebe oksijeni mwilini pale damu inapopungua. Bosi wangu, Daktari Innokenti, alimtoa mbwa wetu Tuman zaidi ya nusu ya damu yake akamtia dawa hiyo. Kesho yake Tuman aliniibia soseji. Baadaye hospitali ikaanza kutuomba chupa, na watu waliokwisha kuagwa wakarudi makwao.

Aprili ikaja barua kutoka Moscow: dawa isitumike mpaka uchunguzi uishe.

"Hawajasema zitupwe," Daktari alisema, akipanda treni kwenda kutubembelezea huko. "Rufina, chupa zikae kwenye baridi."

Kila mwaka, siku moja kabla ya sikukuu ya Mei Mosi, kwa hofu ya moto siku za mapumziko, tunazima kila kitu cha umeme, tunafunga milango kwa uzi na plastisini, ule udongo laini wa kuchezea, tunapiga muhuri. Mzee Prokhor, mkaguzi wa moto, aliingia chumba namba nne na daftari lake.

"Na hiyo friza, mama?"

"Ina dawa."

"Dawa gani? Si imepigwa marufuku? Au niandike kwamba nyinyi ni wakaidi?"

Nikachomoa waya, nikatia sahihi. Nilijiambia ni siku chache tu.

Tarehe tatu, asubuhi, lori lilimgonga dada yangu Taisia akiwa kwenye baiskeli. Damu ya kundi lake ilikuwa imekwisha hospitalini, na wachangiaji wote walikuwa wamelewa au wako kwenye bustani zao nje ya mji. Nilimkuta kitandani, midomo imekuwa ya kijivu.

"Wanasema utaniletea yale maziwa yako," alininong'oneza. "Nikianza kubweka, mdogo wangu, mume wangu atanirudisha kwetu."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Daktari Innokenti, aliyerudi jana yake, alitoka mbio chumba cha upasuaji. "Chupa nne, haraka!"

"Daktari..."

"Muhuri? Vunja! Nitafungwa mimi, si wewe."

"Si muhuri, Daktari. Niliizima."

Hakuniamini. Tulikimbia wote wawili. Chumba kile hupigwa na jua kutwa nzima. Ndani ya chupa mafuta, ambayo ni mazito kuliko maji, yalikuwa yamejitenga na kutuama chini, juu maji matupu. Daktari alitikisa moja, akaiinua dirishani. Mafuta yakashuka tena polepole. Mafuta ya namna hiyo huwezi kuyaingiza kwenye mshipa wa mtu. Alitikisa ya pili, ya tatu, mpaka nikamshika mkono.

Taisia alikufa kabla ya saa sita mchana.

Kwenye chakula cha msiba Daktari alikuja na Tuman, maana sasa anaishi naye. Aliketi karibu yangu, akasema kwa upole, "Ulifuata amri, Rufina. Hakuna wa kukulaumu."

Afadhali angenizaba kofi. Tuman akalaza kichwa miguuni pangu, mzima, ana joto, anahema. Nikamsukuma. Akarudi.